Mwahija Aliyebiliswa Magari

Ukishika barabara ya Mwanza kutoka Shinyanga mjini, kabla nyumba hazijaanza kuachana, utaiona yadi ya magari yenye geti la bluu. Barazani ameketi mwanamke wa makamo, ushungi umemkaa sawasawa, miwani imemshukia puani, na kama una masikio utamsikia anashukuru. Usishangae, ndivyo alivyo. Chai ikija ya moto, alhamdulillahi. Umeme ukirudi, alhamdulillahi. Mteja akija, akauliza bei ya Benzi, akacheka, akaenda zake kupanda bajaji, alhamdulillahi vilevile, maana angalau amefika kuuliza. Wapo wanaomcheka Mwahija kwa shukrani zake hizo, wakisema mwanamke huyu amezidi. Mimi huwa wananikera. Mtu hujui mwenzio alipopita, unacheka nini? Basi tulia nikwambie.

Baba yake Mwahija alitoka Ujiji kwa treni na mabunda ya khanga, akashuka Shinyanga akidhani atakaa siku mbili auze aondoke. Akauza, akaagiza nyingine, akaoa, akazikwa hapohapo. Mwahija alizaliwa na kukulia mjini, Kiswahili chake cha nyumbani, Kisukuma chake cha sokoni, cha kuulizia bei na kusalimia tu. Akaolewa na Abdulshakur, dereva wa malori ya pamba, mtu mrefu, mpole, mwenye sikio la ajabu kwa injini. Wakapata mtoto mmoja, Samia, ambaye sasa ni muuguzi Mwanza.

Abdulshakur alipochoka malori alifungua yadi. Wenzake wote walikuwa wanauza vigari vidogo vya kupelekea watoto shule. Yeye akasema hapana, mimi nitauza magari ya heshima. Ndivyo alivyoyaita: V8, Prado, Lexus, Benzi. Watu wakamwona amepata wazimu. "Shinyanga hii ya pamba na bodaboda, nani atanunua Benzi?" Naye alikuwa hajibu, alinyoosha kidole tu upande wa magharibi. Huko ndiko Geita, ndiko Rwamgasa, ndiko kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu ambayo mtu hushuka asubuhi hana viatu, na jioni duara likitema, anapanda juu ni tajiri.

Na mchimbaji aliyetemewa, jamani, hanunui shati kwanza. Ananunua gari. Alikuwa anakuja pale yadini na tope lake kwenye nywele, anazunguka gari mara moja, anapiga honi, anasema, "Hili." Haulizi linakula mafuta kiasi gani. Haulizi spea. Mwahija, ambaye siku hizo alikuwa anakaa barazani akimpikia mumewe chai, alijifunza jambo moja mapema. Gari dogo watu wanalinunua kwa shida zao, gari kubwa wanalinunua kwa furaha yao. Furaha ikiwepo, unauza na faida yake ni nono. Ikikata, huuzi hata ukilivisha shada.

Abdulshakur alifariki kwa shinikizo la damu, amekaa kwenye kiti chake barazani. Yadi ikabaki ya watu wawili, Mwahija na Salmini, mdogo wake marehemu, kwa kuwa kiwanja kilikuwa cha baba yao Salmini na marehemu. Salmini alikuwa na duka la spea za pikipiki sokoni. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Ni mtu wa haraka. Akipanda mchicha leo, kesho anachungulia kama umeota. Alimwachia shemeji yake aendeshe yadi, na Mwahija akaiendesha vizuri kuliko hata alivyotarajiwa, akisaidiwa na Stanslaus, fundi na dereva aliyeachwa na marehemu.

Katika miaka ile ya neema ndipo alipokuja Mwigulu. Alikuwa mwenye duara kule Rwamgasa, kijana wa Kisukuma wa miaka arobaini hivi, kwao Mhunze, Kishapu, kwenye ng'ombe. Hakuja peke yake, alikuja na mama yake mzazi. Akachagua V8 nyeupe, na kabla hajaugusa usukani akamfungulia mama mlango wa mbele, akamketisha, akasema, "Mama, anza wewe." Yule bibi akakaa, akashika mkoba wake kwa mikono miwili, akatazama mbele kimya, machozi yakimtoka. Mwahija naye akalia. Gari lile hakulisahau.

Kisha vyuma vikakaza.

Sijui nianzie wapi kuueleza mwaka ule. Mvua zilinyesha zikapitiliza, maji yakajaa maduarani, pampu zikashindwa. Dola ikawa haionekani, na magari yanaagizwa kwa dola. Bei ya pamba ikashuka, mkulima akawa anauza kwa kununa. Kule Rwamgasa watu waliokuwa wananunua bia kwa kreti wakawa wanagawana soda. Na pale kwenye geti la bluu hakuna aliyeingia. Shomoro walijenga kiota chini ya boneti ya Prado. Mwahija alikuwa akiamka, anafuta vumbi magari mawili yaliyobaki, anakaa barazani, anasema alhamdulillahi kwa uzima, kisha anabaki hana la kufanya mpaka adhuhuri.

Siku moja Salmini akaja, akakataa hata kiti.

"Shemeji, nisikilize bila kukasirika. Mambo ya magari makubwa yalikuwa ya marehemu na ya zama zake. Tufunge. Kuna mtu anaitwa George anakitaka kiwanja hiki, ajenge gesti. Tuuze, tugawane, kila mtu ashike njia yake."

"Na mimi njia yangu ipi, Salmini? Nina umri gani wa kwenda kuanza?"

"Utakaa kwa Samia."

Kukaa kwa mtoto si vibaya, lakini kwenda kukaa kwa mtoto kwa sababu umefukuzwa kwenye baraza alilokufia mumeo, hilo lilimchoma Mwahija. Akamwomba Salmini muda. Wakakubaliana, mbele ya imamu wa mtaa, kwamba msimu wa pamba wa mwakani ukifunguliwa, siku hiyohiyo ya kwanza ya mizani, kama yadi haina kazi ya kueleweka, George ataingia na kamba yake ya kupimia. Mwahija akasema sawa. Angesema nini?

Wakati huo wachimbaji walikuwa wanayarudisha magari yao mjini kuyauza. Madalali wa Mwanza waliwasubiri njiani, wanawakamata wakiwa na njaa, wanawapa bei ya kutupa. Mtu analia kabisa, anasaini, anaondoka kwa miguu. Mwahija angeweza kufanya vivyo hivyo, Salmini alimwambia hivyo mara nyingi. Lakini hakuwa na mtaji, na hata angekuwa nao, moyo ulikuwa haumpi.

Basi asubuhi moja honi ikalia getini. Ni ile V8 nyeupe, imechoka, ina tope mpaka madirishani. Mwigulu akashuka. Amekonda, ameacha hata kunyoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mama hajambo?"

"Hajambo, yuko Mhunze. Ndiye aliyenituma." Akamwekea Mwahija ufunguo mkononi pamoja na kadi ya gari. "Sikuja kuuza, mama. Gari alilokaa mama yangu siwezi kuliuza. Nimekuja kukubilisa."

"Kunifanya nini?"

Mwigulu akacheka, kwa mara ya kwanza. Akamweleza taratibu, kama mtu anavyomweleza mgeni. Kwao, ukame ukipiga upande wako, ng'ombe huwaachi wafe. Unawapeleka kwa rafiki mwenye majani. Huko ndiko kubilisa. Rafiki anawachunga, maziwa anakunywa yeye na watoto wake, samadi ni yake. Ng'ombe wanabaki wako. Majani yakirudi kwako, unakwenda kuwachukua.

"Sasa mimi kwangu ni kukavu, mama. Mafuta sina, bima imekwisha, pale duarani litaoza. Wewe una geti na una fundi. Lichunge. Likitoa maziwa, kunywa."

"Eh! Baba, gari linatoa maziwa?"

"Hilo mimi sijui. Mchungaji ni wewe."

Akaomba maji ya kunywa, akanywa, akatoka kwa miguu kwenda stendi. Mwahija akabaki amesimama na ufunguo wa watu. Mtu hakuandikishana naye chochote, hakumwekea dhamana. Alimwachia tu, akaenda zake. Salmini aliposikia akashika kichwa. "Sasa unafuga magari ya watu bure? Shemeji, yadi imegeuka zizi!"

Mwahija alilichunga vilevile. Stanslaus aliliosha, akaliwasha kila asubuhi ili betri isife, akatega panya wanaotafuna nyaya. Na Mwenyezi Mungu, ambaye hakosi njia, akamleta Mwalimu Eufrasia.

Mwalimu Eufrasia alikuwa jirani, anafundisha shule ya msingi, na binti yake Scolastika alikuwa anaolewa kanisani. Aliingia getini kwa aibu. "Mama Samia, mambo yetu unayajua. Kamati ya harusi imechanga ikaishia kwenye mchele. Lakini nimeliona lile jeupe. Kwa siku moja tu, mwanangu aingie kanisani ndani ya kitu cha maana. Tutakupa tulichonacho."

Hapo ndipo Mwahija akayaona maziwa. Vyuma vikikaza watu hawaachi kuoa, mwenzangu. Hawaachi kuzika wala kuchumbia. Wanaacha kununua. Mtu ambaye mwaka jana angejitutumua akope anunue gari lake, mwaka huu anataka heshima ya siku moja, ajipige picha, arudi kwenye baiskeli yake. Mwahija alimpigia simu Mwigulu kumuuliza. Mwigulu akasema, "Ukikamua kunywa, mama, nimeshakwambia." V8 ikafungwa maua, Scolastika akapelekwa kanisani, na Jumatatu yake watu wawili wakaja kuulizia lile gari la Mwalimu Eufrasia. Wiki iliyofuata likaenda msibani, likaenda posa Kahama, likaenda kumpokea askofu. Stanslaus akashona suruali mpya. Mwahija akaanza kulala usingizi wa kweli.

Kisha likatokea la kutokea.

Ilikuwa Jumamosi, V8 imepeleka bibi harusi Mhunze. Stanslaus ameshawashusha watu, anarudi peke yake mchana kweupe, ng'ombe wakajimwaga barabarani. Akawakwepa. Ng'ombe wakapona, gari likaenda kubusu kingo za karavati la kupitishia maji. Pua yote ikasambaratika: shoo, yaani ule wavu wa mbele, taa zote mbili, boneti ikakunjika. Stanslaus alitoka mzima, lakini aliingia getini analia kama aliyefiwa, amevutwa na trekta.

Salmini naye alikuja mbio. Safari hii alikaa kwenye kiti. "Sikiliza. Usimwambie. Tafuta shoo ya mtumba, taa za mtumba, fundi rangi namjua mimi. Ataona nini? Mchimbaji yule anajua gari? Ukimwambia, atakuja na wenzake na mapanga, atataka alipwe gari zima, na jina lako limekwisha kanda yote hii. Hapo tusingojee hata pamba, George aingie kesho."

Mwahija aliogopa, na kusema kweli, maneno ya Salmini yalimwingia. Hata fundi rangi alikwishamtuma mtu amwite.

Aliyemkomesha ni Nyamizi, mama lishe aliyekuwa akiuza wali na michembe ya viazi vikavu ukutani mwa yadi. Nyamizi ni mtu wa Kishapu. Alileta sahani ya mchana akamkuta Mwahija ameinamia pua ya gari, akasikia habari yote. Akaweka sahani chini.

"Mama Samia, wewe si umebiliswa?"

"Ndiyo."

"Ng'ombe uliyebiliswa akifa au akiliwa na fisi, unafanyaje?"

"Mimi nitajuaje, Nyamizi?"

"Unapeleka ngozi. Unaibeba hata kama ni kipande, unakwenda mpaka kwa mwenyewe, unamtandikia miguuni, unamwambia alivyokufa. Ukipeleka ngozi, wewe ni mtu. Usipopeleka, hata kama kweli aliliwa na fisi, umemla wewe." Akachukua sahani tena, akamkabidhi. "Kula kwanza. Halafu uende."

Kesho yake alfajiri Mwahija alitia kwenye kiroba shoo iliyovunjika, vipande vya taa na kile kinembo cha mbele ya boneti, akapanda basi la Geita. Njia nzima anasoma dua za hofu. Alikuwa hajawahi kufika Rwamgasa maisha yake yote. Yeye dhahabu alikuwa anaijua ikishageuka gari.

Alipofika alikuta makaratasi ya nailoni juu ya vibanda, karasha za kusagia mawe zimenyamaza, na wanaume wengi wamekaa kivulini hawana kazi, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Maji yalikuwa yanametameta ndani ya maduara. Akamwona Mwigulu katikati yao. Mwigulu akainuka, akafurahi, "Mama! Shikamoo! Umekujaje huku?" Mwahija hakuitikia hata marahaba. Akafungua kiroba, akamwaga vile vipande chini, mbele ya miguu yake, mbele ya wote.

"Baba Mwigulu, ng'ombe wako ameumia. Hii ndiyo ngozi yake. Lilikuwa linatoka harusini Mhunze, Stanslaus akakwepa mifugo, likapiga karavati. Pua imekwisha. Nimekuja ulione kwa macho yako, useme utakalo."

Drafti ikasimama. Mwigulu alikitazama kile kinembo.

"Stanslaus ameumia?"

"Hajaumia."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe walipita, hata mmoja hakuguswa."

"Alihamdulilai," akasema Mwigulu, Msukuma wa watu, Mkristo, kwa lafudhi yake, na wanaume wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alichuchumaa akaokota ile shoo, akaigeuza. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu.

"Mama, nilimbilisa mtu wa damu yangu ng'ombe, mtoto wa baba yangu mdogo. Wakafa, akasema. Sikuona hata mkia. Wewe ni Mswahili wa mjini, hukuzaliwa na mila hizi, umepanda basi kuniletea ngozi." Akamshika mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mama. Wabeja sana."

Mwahija akalia palepale, ndipo akakumbuka kusema, "Marahaba." Wakacheka tena, na yeye pamoja nao.

Kuhusu matengenezo, Mwigulu alisema ng'ombe akiugua dawa ni ya wote wawili, kwa hiyo walichangia, na maziwa ya miezi miwili yakaingia kwenye boneti. Ile shoo iliyovunjika aliitundika kwenye nguzo ya kibanda chake. Kila aliyepita aliuliza, na kila aliyeuliza alisimuliwa.

Wewe unadhani ilichukua muda? Kabla pua mpya haijakauka rangi, Magesa mwenye karasha alileta Benzi yake. Akafuata Mageni, mwanamke jasiri aliyekuwa na sehemu yake ya kuoshea mchanga wa dhahabu, akaleta Prado, akamwambia Mwahija bila kuzunguka, "Madalali wamenipa bei ya mbuzi. Chunga wewe." Wakaja wa Nyarugusu, wakaja wa Geita mjini. Yadi ikajaa mpaka Stanslaus akawa anapanga magari kwa kubanabana. Na maziwa yakatoka, tena mengi. Leo harusi, kesho msiba, keshokutwa wahandisi wa mradi mkubwa wanataka gari la kuwafikisha porini kwa wiki. Katika mwaka ambao wenye yadi kubwa Mwanza walikuwa wanafunga mageti, Mwahija alikuwa anaajiri dereva wa pili. Kila akila tonge alishukuru. Alimshukuru Nyamizi mpaka Nyamizi akachoka, akamwambia, "Mama Samia, shukuru kwa kununua wali basi!"

Ila Salmini alikuja akatazama lile kundi lote, akatikisa kichwa. Na alilosema lilikuwa kweli, ndiyo maana liliuma.

"Shemeji, hongera. Lakini hawa ni ng'ombe wa watu. Siku mvua ikikoma watakuja kuwachukua. Utabaki na geti, yale mawili yasiyouzika, na Stanslaus. Mkataba wetu uko palepale."

Mwahija alijua. Alikuwa akiwaombea watu wale kila swala, maji yakauke, maduara yateme, na huku anajua kwamba dua ikipokelewa, yeye ndiye wa kwanza kuumia. Sikiliza hapo. Mtu anaomba heri ya wenzake itakayomtoa yeye kwenye baraza lake. Hakuacha kuomba.

Na ikapokelewa. Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa za kiasi, pampu zikayashinda maji. Redio ikawa kila siku inasema bei ya dhahabu duniani imepanda, imepanda tena. Karasha zikaanza kelele. Duara la Mwigulu likatema, likatema na la Magesa, na mchanga wa Mageni ukatoa. Kisha Mwigulu akapiga simu, sauti imejaa furaha. "Mama, majani yamerudi! Tunakuja kuwachukua, wote pamoja." Akataja siku. Mwahija akatazama kalenda ya ukutani. Ni siku ya kwanza ya mizani ya pamba.

Siku hiyo aliamka akaswali, akajipaka manukato, akavaa dera lake zuri. Magari yote yalikuwa yameoshwa, matairi yamepakwa weusi, funguo zimepangwa juu ya meza. Hakutaka mtu achukue gari lake lina vumbi. Moyoni alikuwa na vitu viwili kwa pamoja, furaha kama ya mtu anayeozesha na woga kama wa mtu anayehama. Akajiambia, Mwahija, umekunywa maziwa mwaka mzima, haki ya kununa umeitoa wapi?

Salmini na George walitangulia kufika. George alikuwa na kamba yake ya kupimia mkononi. Wakasimama kando ya geti, kwa adabu, wakisubiri ng'ombe watoke zizini.

Wachimbaji wakaja kwa basi dogo la kukodi, wanaimba. Mwahija akaita jina moja moja, akakabidhi ufunguo mmoja mmoja, akieleza, hili betri mpya, hili breki ziliguswa, hili lilibeba maharusi wengi wakapata watoto. Wakacheka. Ufunguo wa mwisho ulikuwa wa V8 nyeupe. Mwigulu akaupokea, akaurudisha mezani kwanza.

"Mama, hatujamaliza. Kwetu mtu haondoi ng'ombe mkono mtupu. Mchungaji aliyechunga vizuri anaachiwa ndama."

"Baba, mimi maziwa nimekunywa. Yanatosha."

"Ya kwako yametosha. Ya kwetu bado," akasema Mageni, akasogea mbele. "Tulikaa Rwamgasa tukashauriana. Gari ndama wake nini? Tukaona ndama wake ni gari linalofuata. Mimi nataka Lexus, Magesa anataka V8, na huyu na huyu na yule kila mmoja ana lake. Tutaagiza kwako tu. Pesa ya kuanzia tumekuja nayo, hatuondoki hapa mpaka upokee."

"Lakini Mwanza mtapata kwa bei nafuu," akasema Mwahija. Ndivyo alivyo, hata hapo hakuweza kudanganya.

"Gari linapatikana popote," akasema Mwigulu. "Wale wa Mwanza ndio walituchuna tukiwa hai. Wa kumwachia gari vyuma vikikaza, mama, huyo ndiye hapatikani. Na vitakaza tena, dhahabu tunaijua. Yadi hii isiondoke hapa."

Mwahija akakaa kwenye kiti cha marehemu mumewe, ushungi usoni. Alijaribu kusema alhamdulillahi, ikakwama. Wanawake watanielewa.

Hapo Magesa akawaona wale wawili pale getini, na ile kamba. "Na nyie wazee, mnapima nini?"

George alikwishaizungusha kamba akaitia mfukoni. Wanaume wote wa Rwamgasa walikuwa wamegeuka wanamtazama Salmini. Neno moja tu la Mwahija lingetosha, na wallahi mimi ningelisema. Ningemvua nguo mchana ule.

Mwahija akashusha ushungi, akapangusa macho.

"Huyo ni shemeji yangu Salmini," akasema. "Nusu ya yadi hii ni yake. Alinipa mwaka mzima wa kujaribu wakati angeweza kuuza. Mshukuruni na yeye."

Wakamwendea, wakamshika mkono mmoja baada ya mwingine, wabeja, wabeja sana, baba. Salmini alipokea mikono ile yote ameinamisha kichwa. Walipowasha injini alikwenda mwenyewe kulifungua geti, pande zote mbili, akalishikilia lisirudi na upepo, mpaka gari la mwisho likatoka.